Mhadhara wa Bingwa kwa Wenye Maghala ya Chuma

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wenye maghala, mafundi mlioketi nyuma kwa kuwa viti vya mbele ni vya watu, na wewe mzee mlinzi uliyesimama mlangoni na fagio lako: itifaki imezingatiwa. Niliombwa niseme kwa dakika ishirini. Nilicheka. Dakika ishirini hazitoshi kuvitaja vyeo vyangu, sembuse kuwaeleza jinsi ya kuyatoa maji kwenye ghala la chuma, taaluma ambayo hapa nchini ina bingwa mmoja. Mtauliza nimeisomea wapi. Swali zuri, na sitalijibu.

Tuanze na historia, maana bingwa asiyeanza na historia hana tofauti na fundi. Mwaka 1829 Mwingereza Henry Robinson Palmer, mhandisi wa kampuni ya gati za London, alisajili hataza ya bati la migongo. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akasajili yake, ya kukikinga chuma kwa zinki. Bati basi lilizaliwa bandarini, na ofisi yangu ipo Kurasini, jirani na bandari. Undugu huu si wa bahati. Palmer alikunja bati ili liwe gumu bila kuwa nene. Kwamba vile vibonde kati ya migongo vinashusha maji, hilo ni jambo dogo ambalo maji yenyewe yaligundua.

Sasa hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hiyo ndiyo siri kuu ya taaluma yetu; msiitangaze ovyo. Paa la ghala hili tulimo, nililolisanifu kwa mkono wangu, lina mita 50 kwa 40, yaani mita za mraba 2,000. Mvua ya milimita 50, ambayo masika ya Dar es Salaam huileta bila kuomba radhi, ni lita 100,000: matanki 10 ya lita 10,000, yamejaa, juu ya vichwa vyenu. Kwa mwaka jiji hili hupata takriban milimita 1,100, kwa hiyo paa hili peke yake hupokea lita milioni 2.2. Na mvua ikikaza, milimita 100 kwa saa, linamwaga zaidi ya lita 55 kila sekunde, karibu ndoo tatu kubwa.

Mzee mlinzi ameinua mkono. Anauliza: hayo matanki kumi, yakishatoka hapa, yanakwenda wapi? Mzee wangu, shikamoo, lakini maswali ni mwishoni.

Mwairishi Thomas Mulvany alitufundisha, miaka ya 1850, tuchukue eneo, tulizidishe kwa ukali wa mvua, kisha tuzidishe kwa sehemu ya maji isiyonyonywa. Bustani hunywa sehemu kubwa. Mabati hayanywi kitu. Nilimpelekea mwenye ghala hili hesabu hiyo, pamoja na idadi ya mabomba ya kushusha maji. Akaomba punguzo. Mimi si mtu mkaidi: nikapunguza mvua. Milimita 100 zikawa 40, mabomba 12 yakawa 4, tukapeana mikono. Kwamba mawingu hayakualikwa kwenye kikao kile si kosa la kitaalamu.

Tupande kwenye gata. Wapo mafundi wanaoilaza gata kwa mwinamo wa sentimita 1 kila mita 2, ati maji yajue pa kwenda. Sasa simama barabarani ulitazame jengo: paa limenyooka, gata imeinama, mteja anadhani ghala linazama. Gata zangu hupangwa kwa pimamaji, sawasawa kutoka kona hadi kona. Maji yakituama, yanatuama kwa haki. Hakuna upande uliopendelewa. Kwa kuongezea, maji yaliyotuama huvuta mbu, na mbu ni ushahidi kwamba gata haivuji. Dengue ilipolitikisa jiji hili mwaka 2014, na tena 2019, watu walihangaika na matairi na vifuu. Hakuna aliyepanda ngazi kunipongeza.

Kelele hiyo juu ni mvua. Ipuuzeni, nitapaza sauti.

Ustadi wangu wa kweli upo kwenye gata ya katikati, pale mapaa mawili yanapokutana juu ya mizigo. Gata ya ukingoni ikifurika humwaga nje, na faida inakwenda kwa jirani. Gata ya katikati ikifurika humwaga ndani, juu ya mali yako mwenyewe, jambo linaloonyesha moyo wa kujitegemea. Waoga hutoboa tundu la dharura kwenye ncha ya gata, juu kidogo ya mdomo wa bomba, ili bomba likiziba maji yamwagike nje, mahali pa kuonekana, na mtu ajue kuna shida. Nani alipie gata mpya halafu aitoboe? Mimi husubiri ijitoboe yenyewe. Ile iliyo juu ya mifuko ya saruji, pale kulia, imeshaanza. Saruji ikipata maji, kwa wasiojua kemia, hufanya kazi yake palepale mfukoni. Mteja wangu anapata matofali bila gharama ya fundi.

Kuhusu matone mengine mnayoyaona, msitaharuki. Hilo ni jasho la bati. Usiku bati hupoa, hewa yenye unyevu iliyofungiwa humo ndani hupanda, ikigusa bati inageuka matone. Jambo hili lipo kweli, na dawa yake ni matundu ya hewa kileleni mwa paa na utando wa kuzuia joto chini ya mabati. Kwangu mimi uzuri wake ni mwingine. Tangu nijifunze habari ya jasho, hakuna paa langu hata moja lililowahi kuvuja.

Mwenyekiti, sogeza kiti kidogo. Hapana, upande wa pili.

Chuma chenyewe hakitaki makuu. Kinataka zinki isiyokwaruzwa na mguu mkavu. Ikwaruze zinki, umeacha chuma uchi. Hata zile chembe zinazobaki juu ya bati baada ya kukata na kutoboa zinapata kutu, na doa lao hulala hapo miaka. Fundi wa kawaida huzifagia jioni ileile. Mimi huziacha, maana paa lenye madoadoa linaonekana limefanyiwa kazi. Na nguzo ikisimama kwenye dimbwi, kutu haianzii juu mwenye ghala anakotazama. Inaanzia chini, kwenye sahani ya chuma na boliti zinazoishika nguzo kwenye zege, nyuma ya magunia. Dawa yake ni kuinua zege la kitako cha nguzo juu ya sakafu na kulimalizia kwa mwinamo, maji yakigusa yateleze. Dawa yangu ni rangi ya kijivu, siku moja kabla mtu wa benki hajaja kukagua.

Tuje kwenye sakafu, ambako nilivunja desturi. Vitabu vinasema sakafu ya ghala ipande juu ya ardhi ya nje kwa walau milimita 150, na ardhi yenyewe iinamie nje, sentimita 5 kwa kila mita 1, katika mita 3 za mwanzo kutoka ukutani. Elimu ya kizamani! Niliwauliza madereva wa semi-trela wanapenda nini, wakasema wanapenda kuingia bila kupanda. Nikaishusha sakafu. Semi zinaingia vizuri. Maji nayo, kwa kuwa hayajui kutofautisha mgeni na mzigo, yanaingia vizuri. Mlangoni niliweka mtaro wa kukatisha, wenye wavu wa chuma juu yake, nao ulifanya kazi kwa ufanisi mkubwa mpaka wavu ulipokwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tangu hapo tunafunika kwa ubao, na ubao unapofunika, unaziba. Mzee mlinzi anatikisa kichwa; sijui anakubali nini.

Haya, swali lake. Maji yanakwenda wapi? Ndugu zangu, tupo Vingunguti. Bonde la Msimbazi lipo hapo chini. Maji yanaujua mto kuliko mimi; kuyachorea njia ni kuyadharau. Bomba langu linaishia kwenye uzio, na baada ya uzio ni sera ya taifa. Wapo wahandisi wanaotaka kila ghala liyakawize maji yake: yaingie kwanza kwenye tanki, au kwenye bwawa dogo, au kwenye shimo la kokoto yanyonywe, kisha yatoke polepole, ili mapaa ya mtaa mzima yasiteremshe maji kwa saa ileile. Wanasema pia maji hayo yangetumika kuoshea magari na kumwagia vyoo, msioshee kwa ya kununua. Mawazo ya watu wasio na uzio.

Na mfano wa ujasiri ninao. Desemba 2011 mafuriko yaliingia Jangwani, kwenye bonde hilohilo, na kuua watu, na waliookoka wengi wakahamishiwa Mabwepande. Bonde lilikwisha kusema lake. Baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa palepale Jangwani, na mvua zikaja, na mabasi yakasimama majini, na safari zikasitishwa, si mara moja. Wengine husoma hapo onyo. Mimi husoma soko la ushauri.

Limebaki suala la matengenezo, ambalo napenda kulipita haraka kwa kuwa halina hadhi. Kutengeneza ni kukiri kwamba mjenzi hakumaliza. Nasikia mzee huyu, bila kibali changu, hupanda ngazi mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, akazoa majani ya mwarobaini, chupa za plastiki, mifupa iliyoangushwa na kunguru, na viota vyao vya nyaya. Kisha anamwaga ndoo ya maji kileleni na kuifuata kwa macho mpaka itokee chini ya bomba. Isipotokea, anaanza upya. Ndoo moja! Hana kompyuta, hana cheti. Anafunua hata ubao wa mtaro na kupiga koleo tope. Masika haya nilimkataza kupanda, kwa sababu ngazi yake iliharibu mandhari ya picha za tovuti yangu. Matokeo ya katazo hilo mnaweza kuyafuatilia wenyewe pale kwenye saruji.

Naona baadhi yenu mmeinua miguu. Huo ni usikivu, na naupokea. Tupitishe maazimio. Kwanza, kiundwe kikosi kazi cha kuchunguza chanzo cha unyevu ndani ya maghala, mwenyekiti awe mimi. Pili, kikosi kikutane mara nne, kwa posho, Bagamoyo, ambako ni pakavu. Tatu, kila ghala lipakwe rangi. Nne, bajeti ya kusafisha gata na mitaro iahirishwe hadi kikosi kitakapotoa ripoti. Mzee mlinzi atajinunulia fagio. Wanaoafiki waseme ndiyo. Kwa kelele za bati sijasikia wanaopinga, kwa hiyo yamepita.

Chakula cha mchana kipo tayari upande wa pili wa ghala. Wanaokwenda wavue viatu.