Zege Halilali

Siku Baba Halima alipoacha kazi ya ukarani wa forodha, alirudi nyumbani na vitu vitatu: boksi la makaratasi, filimbi, na raba mpya nyekundu zinazolia sakafuni kama vifaranga. Alikuwa na miaka 43, na 17 kati ya hiyo ameimaliza bandarini akihesabu mizigo ya watu. "Mama Halima," akaniambia kabla hajakaa, "kuanzia leo mimi ni mwalimu wa mazoezi."

Nikamuuliza, "Wa nani?"

Swali hilo lilikaa nasi sebuleni mwezi mzima.

Sikatai, alisoma. Miezi mitatu alikuwa akijifungia chumbani usiku na masomo ya kwenye simu, mimi nikidhani ana mchepuko, na cheti akakipata. Alibandika mlangoni mwa friji agizo la Shirika la Afya Duniani: mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Alijua gramu ya mafuta ina kilokalori 9 na ya wanga 4, kwa hiyo chapati zangu zikawa zinasomewa mashtaka kabla ya kuliwa. Mayai alikula ute tu. Viini akaniachia bakulini, nami nikawa napikia keki ambazo yeye mwenyewe amezipiga marufuku.

Alichokosa ni wateja na vyuma. Vya dukani bei yake ilitushinda. Akakumbuka vyuma vya uswahilini: ndoo mbili za rangi, bomba katikati, zege ndani. "Zege halilali," akasema, na tangu siku hiyo likawa neno lake la asubuhi na jioni. Ukichelewa kuamka, zege halilali. Ukiomba kupumzika baada ya pushapu ya nne, zege halilali, na filimbi juu.

Kazi akaianza Ijumaa baada ya magharibi. Akakoroga saruji, mchanga na kokoto uani, na umeme ukakatika anapomalizia ndoo ya pili. Zege likabaki. Kulitupa hataki, kulilaza hawezi. Akapapasa gizani, akakuta chombo, akamimina.

Chombo chenyewe kilikuwa sufuria la pilau la kikoba chetu.

Kikoba kina wanawake 14, na mimi ndiye mtunza vyombo. Sufuria lile limepikia arusi, vipaimara na arobaini za nusu ya mtaa wetu wa Tabata. Taa ziliporudi nikalikuta lina zege la nusu shubiri, linatoa mapovu kama uji jikoni. Fundi jirani alipoitwa asubuhi alicheka mpaka akashika ukuta. Alumini na saruji mbichi, alisema, haviivi chungu kimoja: maji ya saruji huila alumini, gesi ikatoka, ndiyo yale mapovu.

"Si tungoje likauke, tulibandue?" Baba Halima akauliza.

"Zege halikauki, mzee. Linaiva, na linaiva kwa maji. Unalimwaga siku moja, unalimwagilia siku saba, na nguvu zake tunazipima siku ya 28."

Hakusikia. Alikuwa anatazama vyuma vyake. Kwa hesabu yake, ndoo ya lita 20 ni kilo 20, maana dumu la maji la lita 20 ndilo tunalobeba kila siku. Karani wa forodha huyo! Lita moja ya zege inakaribia kilo mbili na nusu. Jumatano alipoinama kuwaonyesha watoto, aliushika mzigo wa karibu kilo 100. Vyuma havikunyanyuka hata ukucha. Kilichonyanyuka ni sauti yake.

Jumapili kikoba wakaja kuchukua sufuria, kuna arusi. Wakamkuta shemeji yao chali mkekani, miguu juu ya kiti. Sikuwa na uongo wa kutosha, nikawapeleka uani. Kimya. Kisha Mama Mwenyekiti, aliyesomesha watoto watano kwa ndoo za samaki kutoka Feri, akajifunga khanga kiunoni akainama alivute.

"Mama, subiri," sauti ikatoka mlangoni, alikojikokota Baba Halima kwa magoti. "Usiinamie kiuno. Panua miguu. Kunja magoti, sufuria likuguse. Vuta pumzi. Sasa sukuma ardhi kwa nyayo."

Hakuweza kusimama aonyeshe, ikambidi aeleze. Filimbi hakuwa nayo, ikambidi atazame. Sufuria likapanda. Mama Mwenyekiti akalishusha, akalipandisha tena, kama mtu anayejaribu kiatu dukani.

"Shemeji, mgongo huu unanisema tangu mwaka juzi. Leo umenyamaza."

Alipomaliza kusema hivyo akataja bei ya sufuria: shilingi 180,000. Hatukuwa nazo. Wakashauriana kikoba-kikoba, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliipata, wakarudi na hukumu: atawafundisha kila Jumamosi saa 12 asubuhi, kila siku ikikata 20,000.

Jumamosi ya kwanza walikuja sita, wawili na ndala. Naye bado alitembea kama aliyebeba trei la mayai. Akawapa zoezi la kiti: kaa, simama, kaa, simama. Ya tatu ilinyesha, wakaja wanne. Ya tano, tisa. Katikati ya wiki alipita nyumba kwa nyumba kuulizia magoti yao. Filimbi niliiona mara ya mwisho kwenye banda la kuku, na kuku wenyewe wakinywa maji ya mvua ndani ya lile sufuria. Fundi akipita husimama langoni: "Unamwagilia?" Naye hujibu, "Namwagilia."

Jumamosi ya kumi deni lilikuwa limeisha, hatukumtarajia mtu. Saa 12 kamili, hodi. Ni Mama Mwenyekiti, raba za mwanawe miguuni. Akafungua fundo la khanga, akatoa noti mbili zilizokunjwa.

"Hii ya leo nalipia."

Nilimwona Baba Halima anafumbua mdomo kusema lile neno lake. Akaufumba. Akaingia ndani kuleta kiti.