Sifa za Mbono Kaburi

Wanaotucheka sisi wa Lokandu kwamba tunaishi kando ya mto Lualaba, Kongo, tukiwa gizani hawajaelewa mpango. Maji yanayopita mbele yetu yanateremka hadi Inga, kunakofuliwa umeme tangu 1972. Maji tumeshatoa; kudai na umeme urudi huku ungekuwa ulafi. Ndiyo maana tumeletewa habari njema ya kichaka cha kuwashia taa: mbono kaburi.

Kichaka chenye adabu hicho! Mbuzi hakigusi, mbegu zake ni sumu, na Tanzania hupandwa makaburini, penye wateja wasiolalamika. Jioni mama ataketi na kilo nne au tano za mbegu, amenye, aponde, akamue, apate lita moja. Mafuta yenyewe mazito, hayakimbilii kupanda utambi. Yana heshima yake. Mawese tunayo tele, lakini hayo yana kasoro: yanalika.

Msitutishe na Kisarawe, Tanzania, ambako hekta zaidi ya 8,000 zilikodishwa kwa miaka 99 kwa ajili ya mbono huo huo, mradi ukaanguka 2011. Haraka ya nini? Ilikuwa imebaki miaka tisini na kitu.

Wataalamu nao hawajalala. Wameandika makala mengi kukisifu kichaka hiki. Kwetu Lokandu, makala ni makaa ya kupikia. Tumengoja sana, mafiga ya mama tayari, mboga ya sombe imo sufuriani. Makala yao bado hayajashika moto.