Taabu za Mfuga Mazimwi

Katika kazi zote za ufugaji ambazo wanadamu wamepata kuzijaribu, tangu kuku wa uani mpaka nyuki wa mzinga, sijui hata moja ambayo mfugaji hupata hasara kwa kila tendo jema alitendalo, hasara kwa uangalifu wake na hasara juu ya hasara kwa mapenzi yake, isipokuwa ufugaji wa mazimwi katika mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft. Nasema haya kwa kuwa mpwa wangu, kijana mwenye bidii ambayo walimu wake wangefurahi kuionja walau kidogo, ameianzisha kazi hiyo sebuleni kwetu, nami, kwa kosa la kuwa mjomba, nimefanywa mshauri, mkaguzi na shahidi wa shamba lisilo na udongo.

Kwa msomaji ambaye hajajaaliwa kijana wa namna hiyo nyumbani, yafaa nieleze. Mchezo huu ulianzwa na Markus Persson, mtu wa Sweden, ambaye aliutoa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 2009, ukatimia mwaka 2011, na mwaka 2014 Microsoft ikainunua kampuni iliyoutengeneza kwa dola za Marekani bilioni 2.5, fedha ambazo zikitajwa mbele ya mama yetu, yeye huuliza kama ni za kweli au ni za humo humo mchezoni. Dunia yake yote ni matofali: mlima ni matofali, mti ni matofali, na jua lenyewe lina pembe nne. Mchana mtu hulima na kujenga kwa raha mustarehe. Usiku ukiingia, gizani huzuka zombi, mifupa itembeayo yenye pinde na mishale, buibui wakubwa, na kiumbe wa kijani asiye na mikono aitwaye kripa, ambaye humnyemelea mtu kimya kimya hata akamfikia, kisha akafoka na kulipuka. Huyu wa mwisho hakukusudiwa kuwapo. Persson alikuwa akiunda nguruwe, akageuza kimo kuwa urefu na urefu kuwa kimo, likasimama mbele yake dubwana ambalo hakulitarajia. Badala ya kulifuta akalipa rangi ya kijani na ruhusa ya kusumbua watu.

Kripa akiuawa huacha baruti. Baruti ikichanganywa na karatasi huwa fataki. Na fataki humsukuma angani mtu aliyevaa mabawa. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuyapata mabawa kwa jasho jingi, lakini baruti hana, akawa ni ndege wa kushuka tu. Ndipo alipojenga shamba: jengo refu jeusi lisilo na dirisha, sakafu juu ya sakafu, na katikati shimo lililozungukwa na vilango vya sakafu vilivyofunguliwa, ambavyo mazimwi, kwa uchache wa akili walioumbiwa, huvidhani kuwa ni sakafu imara, wakakanyaga hewa, wakaanguka mpaka chini, ambako kuna kinywa cha chuma kinachomeza mali zao na kuzitia kashani. Ramani ilikuwa njema, kuta zilikuwa zimenyooka, na kasha lilikuwa tupu.

Mbele ya kasha tupu kila mtu hugeuka mwanachuoni. Mpwa wangu alisema kompyuta imechoka. Rafiki yake wa nyumba ya pili, ambaye huucheza mchezo huo katika simu, alisema shimo ni jembamba. Na mama yetu, ambaye hakuuona mchezo wenyewe ila kwa mbali, alisema ni husuda. Shauri la yule rafiki lilitugharimu sakafu nzima iliyobomolewa na kujengwa upya, kwa kuwa toleo la simu lina sheria zake za kuzuka kwa viumbe na toleo la kompyuta lina zake, na kipimo kilicho halali huku ni batili kule. Baada ya msiba huo tuliafikiana kuwa hatutabomoa tena kitu mpaka tuijue sababu.

Sababu ya kwanza ilikuwa nuru. Kijana huyu amelelewa vizuri, hakuna aliyepata kumwacha apapase gizani, kwa hiyo katika kila sakafu alikuwa ametundika mwenge mmoja, asije akajikwaa. Mwenge wa mchezo ule hutoa nuru ya daraja 14, nayo hupungua daraja moja kwa kila tofali ienendapo. Zamani mazimwi walikuwa na uvumilivu, wakizuka hata penye nuru ya daraja 7. Lakini katika toleo lililotoka mwishoni mwa mwaka 2021 sheria iligeuzwa, wakawa hawaridhiki na mwenge ila nuru yake iwe sifuri kabisa. Ramani aliyoifuata mpwa wangu ilikuwa imechorwa katika zama za uvumilivu. Tuliing'oa mienge yote, tukaziba na tundu moja la darini lililokuwa likiingiza jua la mchana, na jengo likawa na giza la kuridhisha mazimwi walio wagumu kuliko wote.

Kasha likabaki tupu, kwa sababu ya pili, ambayo ni uangalifu. Mpwa wangu alisimama mlangoni pa shamba lake usiku na mchana, sikio ukutani, akingoja kishindo cha kwanza, ilhali kanuni ya dunia ile ni kwamba hakuna zimwi linalozuka karibu na mchezaji kwa umbali wa chini ya matofali 24. Kadiri alivyolinda ndivyo alivyozuia. Nilipomwambia aende zake aliniitikia, "Ewallah, mjomba," kisha akaenda zake kweli kweli, akavuka mto na kilima, akafika kwenye kijiji alichokuwa amekijenga zamani, akakaa huko akingoja utajiri. Hapo akavunja kanuni ya pili: zimwi lililo mbali na mchezaji kupita matofali 128 hutoweka papo hapo. Kumbe mazimwi hutaka jirani wa kadiri, si wa kuwakodolea macho wala wa kuwasahau, na mtu mwenye shamba hana budi kujitafutia mahali pa katikati, akasimama hapo bila ya kufanya lolote, jambo ambalo mama wa mtoto huyo, akipita sebuleni na kuona umeme unaliwa na mtu aliyekaa tu, hakubali kuliita kazi.

Hata hivyo mavuno yalikuwa ya kudondoka. Tulikaa tukiyasikiliza, kishindo kimoja, kisha kimya kirefu, mpaka ilipobainika kuwa dunia ile ina idadi maalumu: mchezaji akiwa peke yake, mazimwi wakifika 70 katika eneo linalomzunguka, hazuki mwingine mpaka mmoja wao aondoke. Na chini ya shamba letu, ardhini, kulikuwa na mapango marefu yenye giza ambayo mpwa wangu hakupata kuyakanyaga, na humo walijaa zombi wasio na shughuli yoyote, wakizunguka huku na huku, kila mmoja ameshika nafasi moja katika zile 70. Hao hawakuwa na tofauti na wafanyakazi hewa tunaowasikia katika daftari za mishahara: kazini hawaonekani, matunda yao hayaonekani, lakini nafasi zimejaa na anayekuja kwa nia ya kuanguka shimoni huambiwa hakuna ajira. Ikabidi ifanywe hesabu ya wafanyakazi. Mpwa wangu alishuka mapangoni na mienge ile ile tuliyoing'oa juu, akaitundika kila pembe, naye akiuawa mara kwa mara na kurudi kuokota vitu vyake, hata mapango yakang'aa na nafasi zikawa wazi. Nuru iliyokuwa haramu ghorofani ikawa faradhi ardhini.

Sasa kasha likajaa. Likajaa mifupa, mishale, nyuzi, na nyama iliyooza ya zombi kwa wingi usio na haja. Baruti hakuna hata chembe. Tuliondoa tofali moja ukutani tukaweka kioo, tukakaa kuchungulia. Zombi alikuja, akakanyaga kilango, akaenda. Mfupa wenye upinde ukaja, ukaenda. Kisha akaja kripa, uso umemkunjamana kwa huzuni ile aliyozaliwa nayo, akakijongelea kilango mpaka tukashika pumzi, akasita, akageuka, na akatoka mbio kurudi pembeni, ambako wenzake watatu walikuwa wamejibana ukutani. "Anaogopa nini?" nikauliza. Mpwa wangu hakujibu. Alikuwa akitazama ukingo wa shimo, ambapo paka wake mweusi, aliyemfuga kwa samaki wabichi na kumkalisha pale ili shamba lipate mlinzi, alikuwa amekaa kwa utulivu akitikisa mkia. Makripa huogopa paka. Paka alihamishwa nyumbani kwa heshima zote, na usiku ule baruti ikaanza kushuka.

Palibaki suala la kina cha shimo, nalo ndilo lililotuingiza katika maneno na mama yetu. Mwenye kuanguka katika mchezo ule huumia kwa kila tofali baada ya matatu ya mwanzo, na zombi ana uhai wa mioyo kumi ambayo huhesabiwa kwa nusu nusu 20. Kwa hiyo akianguka matofali 23 hufa, na akianguka 22 hubaki na nusu moyo, hoi, akingoja kofi moja la mwenye shamba, ambaye akimmalizia kwa mkono wake hupata na nyongeza ya uzoefu. Tulikuwa tukilijadili hilo kwa sauti.

"Mjomba, ishirini na tatu wanakufa wote bila ya faida. Tuwaachie nusu roho."

Mama akaweka chini ungo wake wa mchele. "Audhubillahi! Mnawaachia kina nani nusu roho?"

"Mazimwi, bibi."

"Hayo hayafugwi," akasema. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini sikusikia kuwa walitiwa zizini." Akauchukua ungo wake akaenda kupetia jikoni, na sisi tukalipunguza shimo kwa tofali moja.

Shamba likasimama. Mpwa wangu aliruka angani kwa fataki zake, akagawa baruti kwa marafiki, akaanza kuzungumza kama tajiri wa zamani. Mpaka siku moja, ghafla, kila kitu kikakoma. Giza lilikuwapo, umbali ulikuwapo, mapango yaling'aa, paka alikuwa nyumbani, na kasha halikuongezeka hata mfupa mmoja. Nilimuuliza kama kuna jambo lolote jipya. Akasema hapana, ila afya yake imekuwa nzuri ajabu: majeraha yanapona yenyewe, hali mkate na njaa haimpati, na usiku anatembea kokote bila ya kusumbuliwa, mambo ambayo aliyahesabu kuwa ni matunda ya ustadi wake. Mimi si mchezaji, lakini umri hunifundisha kumshuku mtu asiyeona njaa. Tulifungua ukurasa wa mipangilio, na pale penye daraja ya ugumu wa mchezo palikuwa pamechaguliwa amani. Katika amani hakuna zimwi hata moja duniani.

Aliyechagua ni mdogo wake wa kike, ambaye huamka mapema kuliko sisi sote na hufuga humo kondoo wa rangi mbalimbali. Alipoitwa hakukana. "Mjomba, walikuwa wanawatisha kondoo wangu," akasema, "nikawaambia waende kwao."

Nimeutafuta uovu katika historia nzima ya shamba lile nisiuone. Mienge iliwekwa kwa hadhari, ulinzi ulifanywa kwa bidii, paka alikalishwa kwa mapenzi, na amani ililetwa kwa ajili ya kondoo. Na kila moja la hayo lilitosha peke yake kulifilisi jengo zima. Hukumu yangu ni kuwa watu wema hawafai kufuga mazimwi, na kwa kuwa watoto hawa wawili ni wema, tumewapatanisha kwa zamu: asubuhi ni amani, jioni ni baruti. Nawe msomaji, akikujia kijana wako na kilio cha kasha tupu, usimruhusu kubomoa ukuta wala usimlaumu fundi wa kompyuta. Muulize kwanza ni nani ndani ya nyumba aliyemtendea wema.