Ndege Ikipata Kiu

Ukiiona ndege ndogo inapita juu ya Mafinga asubuhi, utadhani ndani yake kuna watu wasiojua shida. Ngoja itue ikiwa na kiu. Utamkuta rubani kakunja mikono ya shati, kapanda ngazi ya kuazima, kashika faneli kama muuza mafuta ya taa wa gengeni, huku abiria wake mwenye saa ya bei mbaya akizungusha mpini wa pampu na kuhema.

Rafiki yangu mmoja, sote tunamwita Kapteni, anarusha Cessna 206 ya tajiri fulani. Ndege kubwa zinazotua Songwe hunywa Jet A-1, ambayo ukoo wake ni mafuta ya taa. Injini ya pistoni ya Kapteni haitaki hata kuyanusa. Inataka avigasi, petroli iliyotiwa rangi ya buluu ili mtu asikosee, na inafyonza zaidi ya lita 50 kwa saa. Avigasi haipatikani kila kona, kwa hiyo Kapteni ana pipa lake la lita 200, na pipa halina mabawa. Linasafiri kwa lori. Safari moja nililisindikiza mimi kutoka Mbeya, na kabla ya Makambako tukasimamishwa.

"Mmebeba nini?"

"Mafuta ya ndege, afande."

"Ndege yenyewe iko wapi?"

"Mufindi."

"Sasa kwa nini haikuyafuata yenyewe?"

"Imeishiwa mafuta, afande."

Alitutazama kwa muda, akalizunguka lori, akaturuhusu. Nadhani alituonea huruma.

Wala shida hii haikuanza na Kapteni. Mwaka 1932, Imperial Airways walipofungua njia ya ndege kutoka London hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa kituo, baada ya Dodoma na kabla ya Mpika. Zama hizo mafuta ya ndege yalikuja kwenye madebe ya galoni 4, yakamiminwa debe kwa debe kupitia faneli. Mwaka 1937 safari zikahamia kwenye ndege zinazotua majini, zikapitia pwani: Mombasa, Dar es Salaam, Lindi. Mbeya tukabaki na debe. Mpaka leo tunapimia viazi na mahindi, na sijawahi kukutana na muuzaji aliyekiri kwamba lake limebonyea.

Tulipofika Mufindi, ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya chai na kiwanja kizima cha nyasi kilikuwa na watu. Salamu kwanza, kamwene, kamwene, kisha kila mtu akawa fundi. Kapteni alisimamisha pipa, akaliinamisha kidogo na kuliacha litulie, ili maji, kama yamo, yajikusanye upande wa chini, naye afyonze upande wa juu. Akafunga waya kutoka kwenye pipa hadi kwenye ndege, maana petroli ikipita kwenye mpira huzalisha umeme, na cheche moja inatosha kumaliza mazungumzo. Kijana wa bodaboda, sigara sikioni, aliomba kuelezwa mara mbili, kisha akasogea nyuma hatua nyingi.

Alirudi na ofa. Anayo petroli ya kidumu, bei ya kirafiki. Kapteni akamweleza kwamba Marekani walianza mwaka 1982 kuruhusu baadhi ya ndege, kama Cessna 150, zitumie petroli ya gari, lakini injini yake hii haimo kwenye ruhusa hiyo, na huko juu petroli ya gari hugeuka mvuke upesi, ikaziba njia ya mafuta.

"Basi changanya na oili kidogo," kijana akashauri.

Kabla ya kumimina, Kapteni alikinga mafuta kidogo kwenye kikombe cha kioo chini ya bawa. Rangi ya buluu juu, na kitakoni shanga mbili za maji zikitembea. Baridi ya usiku hufanya hivyo tangi likilala nusu tupu. Mzee mlinzi akachungulia, akatikisa kichwa: "Kumbe wauza maziwa wana wenzao!" Kapteni akakinga tena na tena mpaka kikombe kikawa buluu tupu.

Kasheshe ilikuwa kijiti. Tangi hupimwa kwa kijiti cha mbao chenye alama za lita, na cha Kapteni kilikuwa kimeegemezwa kwenye gurudumu. Tulipokihitaji kilikuwa mikononi mwa mtoto, kinafukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia, na kilirudi kimevunjika ncha. Upande wa chini au wa juu? Mtoto alisema ncha iko kwa mbuzi. Kikao kikaitishwa. Mwishowe Kapteni akajaza matangi yote mawili hadi mdomoni, kipimo kisichohitaji kijiti, na kwa kuwa ndege sasa ilikuwa nzito, akaamua mzigo wa viazi wa tajiri ufuate kwa lori.

Pipa likabaki tupu, na hapo ndipo uadui ulipozuka. Mama mmoja alilitaka la ulanzi. Kapteni akamkatalia katakata: mafuta haya yana risasi, Mama, utamaliza wateja. Mwingine akalitaka la maji ya mvua, naye akanyimwa kwa sababu ileile. Akajitokeza fundi wa kuchomelea, akatoa pesa taslimu: atalipasua atengeneze majiko, na mtungi wake wa gesi anao hapohapo.

Sijawahi kumwona Kapteni akishuka ngazi haraka namna ile.