Sanda ya Bibi

"Nani kaitoa sanda yangu?"

Sauti ya mama mkwe wangu haikuwa kali. Afadhali ingekuwa. Alikuwa amesimama uani alfajiri, birika la udhu mkononi, akiitazama bafta yake nyeupe iliyotandazwa kwenye kamba ya nguo, imelowa umande, wadudu wachache bado wameing'ang'ania. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa natoka kwenda kuwasha moto. Magoti yaliniisha nguvu.

Tulikuwa tumepanda Amani kwa likizo ya Desemba, mimi, baba watoto na wanetu watatu, kumtazama Bibi. Ukitoka Muheza barabara inapinda na kupanda, msitu kulia, msitu kushoto, hadi unapoiona chai, na hapo umefika mita zipatazo 900 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani walifungua taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo huko mwaka 1902, na tangu 1997 msitu wenyewe ni hifadhi. Binti yangu mkubwa alikuja na daftari, rula na simu yangu ya zamani. Alitaka kuwaandika nondo. Vipepeo wa mchana wana watu wao, alisema, lakini nondo ndio wengi: spishi zipatazo 160,000 zimeshapewa majina ya kisayansi duniani, na sisi tunawaita wote nondo, jina lile lile la chuma cha kujengea.

Taa tuliazima kwa shemeji yangu, wakala wa pesa za simu, ile ndogo ya kukagulia noti bandia. Balbu za kisasa za nyumbani hazitoi miale ya urujuanimno ya kutosha, na macho ya nondo huiona sana miale hiyo. Ikabaki nguo ya kuwapokea. Nilikuwa namenya ndizi, mikono imejaa utomvu, nikasema bila kugeuka, "Katafuteni shuka jeupe."

Nyumba ile haina shuka jeupe. Yote ni ya maua. Walitafuta hadi wakalifikia sanduku la bati chini ya kitanda cha Bibi. Kitindamimba ndiye aliyejua ufunguo unakaa wapi. Nilipotoka uani giza lilikuwa limeshaingia, nikaiona nguo imening'inia, nikasikia harufu ya udi, wala sikuuliza kitu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Pua yangu ilijua.

Usiku ule haukuwa na mwezi, na manyunyu yalikuwa yamekatika muda si mrefu. Wakaja. Kwanza wadogo, kama vumbi lenye miguu, kisha wenye miili minene kama risasi, mabawa yanatetemeka hata wakishatua, kisha mmoja wa kijani kibichi aliyetua akawa jani. Binti alimpiga kila mmoja picha tatu: mgongoni, ubavuni, na moja yenye rula. Mdogo wake alishika kalamu: tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, aina ya taa. Hatukumtia yeyote chupani.

"Mama, kwani wanaipenda taa?"

Nilimweleza nilichosoma. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba wadudu wa usiku huelekeza migongo yao kwenye mwanga, kwa kuwa tangu zamani upande wenye mwanga ndio uliokuwa juu, ndiyo mbingu. Taa ikiwa karibu, nondo huipa mgongo, akapinda, akapinda tena, asiweze kuondoka. Mwanangu alinyamaza kidogo, halafu akasema tusiwaweke sana. Saa sita tukazima ili waende zao kabla ndege hawajaamka. Tukaingia kulala. Nguo tukaiacha kambani.

Nilimwambia mama mkwe ukweli wote pale pale, nimepiga magoti kwenye tope. Bafta ile aliinunua Tanga mwenyewe, kwa fedha za iliki yake, miaka mingi nyuma, akaikunja na karafuu na vijiti vya udi. Kila baada ya Ramadhani huitoa, akaianika kivulini, akairudisha. Hataki siku yake ikifika mtu akimbie dukani kwa mkopo. Haya yote nilikuwa nayajua.

Hakunijibu. Alisogea karibu na nguo.

Wengi walikuwa wameondoka kweli. Lakini chini, pembeni kwenye pindo, alikuwepo mmoja mkubwa kuliko kiganja changu, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Bibi alipomgusa kwa ncha ya kidole akafungua mabawa, na kwenye mabawa ya nyuma yakatokea macho mawili ya rangi ya chungwa. Vipapasio vyake vilikuwa vyembamba. Dume angekuwa navyo kama vitana. Nyuma yake, kwenye bafta, mayai. Meupe-meupe, mviringo kama punje za mtama, yamepangwa safu baada ya safu, kila moja limegandishwa kwa gundi yake. Nilijaribu kulibandua moja kwa ukucha. Halikutoka.

"Acha," alisema Bibi. "Namjua huyu. Watoto wake ni wale weusi wenye miiba myeupe na madoa mekundu ubavuni. Waliumaliza mti nyuma ya jiko mwaka juzi."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, analia. Akapangusa uso, akaja na simu. Tangu usiku, kwa nondo huyu alikuwa amebaki na majina matatu ya spishi zinazofanana. Viwavi wa Bibi wakaondoa mawili. *Bunaea alcinoe*. Akamsomea Bibi pale pale: akishakuwa na mabawa nondo huyu hali tena, kinywa chake hakifanyi kazi, anaishi siku chache kwa akiba ya ukiwavi wake.

"Hali kabisa?"

"Kabisa, Bibi."

"Basi kashamaliza riziki yake, kabakiwa na kazi moja." Akanigeukia. "Mwanangu, lete mkasi. Kata hapo. Nguo ni ndefu kuliko mimi."

Nilikata kipande cha shubiri mbili, mkono ukitetemeka. Alikiweka kwenye ungo, chini ya majani ya ule mti wa nyuma ya jiko. Tuliporudi Tanga, duka la kwanza nililoingia lilikuwa la nguo. Bafta mpya, ya kipimo kamili, nikamtumia kwa dereva wa basi la Muheza.

Wiki ya pili simu ikaita usiku. Nikadhani ni habari ya mzigo.

"Umefika, nimeupima, unatosha. Mpe mjukuu wangu simu." Nikaiweka sauti ya nje. "Wametoka leo asubuhi. Nimehesabu 43. Andika."

Binti alikuwa ameshafungua daftari.