Gwiji wa Desibeli Awahutubia Wapangaji wa Eastlands

Waheshimiwa wapangaji wa Umoja, Kayole na Pipeline, wenye ploti, makeateka, na mafundi wa waifai mliojibanza nyuma: simameni, kisha ketini. Anayewahutubia ni Gwiji Mkuu wa Desibeli, cheo nilichojitunuku baada ya kukosekana mwingine mwenye hadhi ya kunitunuku. Hoja yangu ni moja: vile vitaa vya rauta mnavyoviabudu havijui lolote kuhusu kasi ya intaneti yenu. Ndani ya kijisanduku hicho mara nyingi mna Linux, na kwa mwenye bahati ni OpenWrt, mradi ulioanza mwaka 2004 kutokana na rauta ya Linksys WRT54G. Kwa hiyo modemu iliyomo humo huulizika. Ukiiamuru AT+CSQ, hujibu kwa namba ya nguvu ya mawimbi kati ya 0 na 31: 0 ni dBm -113 au chini yake, 31 ni -51 au zaidi, na kila hatua ni desibeli 2. Mtu wa hesabu za sokoni ataapa kwamba 15 ni nusu ya 31. Maskini! Nguvu yake haifiki hata sehemu moja kwa 1,500. Na anayesoma 99 akawaita majirani washangilie, ajue kwamba 99 ni modemu kukiri haijui.

Mtapinga: mbona Pipeline minara imetuzunguka, namba inang'aa, na bado video inakwama saa mbili usiku? Huo ndio ushahidi wangu, ahsanteni kwa kuuleta. Namba hiyo hujumlisha kila kinachoingia kwenye antena katika masafa hayo: mnara wako, minara jirani, na takataka. Ni kupima makelele ya steji ya Kayole kisha kudai umemsikia makanga wako. Kwenye OpenWrt, andikeni uqmi -d /dev/cdc-wdm0 --get-signal-info, msome RSRP, yaani nguvu ya mnara wako peke yake, kisha SNR, kiasi mnara huo unavyoizidi kelele. RSRP ya -85 yenye SNR ya 2 ni fahari tupu. -105 yenye SNR ya 15 yaweza kuishinda vizuri.

Fundi mmoja ananong'ona kwamba dawa ni kuipandisha rauta paani. Kaka, juu ya ghorofa ya saba unaonwa na kila mnara wa mtaa: jumla inapanda, SNR huenda ikaporomoka. Afadhali dirisha linaloutazama mnara mmoja, huku ukuta wa zege ukikukinga na mingine. Tuseme basi kwamba msongamano wa maghorofa una faida yake. Na SNR ikiwa nzuri lakini kasi bado ya konokono? Basi huenda mnara umejaa watu, na hakuna antena itakayowapunguza. Hapo, na hapo tu, ninawaruhusu kuilaumu kampuni ya simu.

Maswali yaje na RSRP na SNR. Mwenye vitaa peke yake asubiri nje na keateka.