Nyanya za Juu

Chakula cha Chang'ombe hununuliwa kwa vipimo vitatu ambavyo havijawahi kuelewana: fungu, sado na tenga. Kilo nayo ipo, hasa buchani, lakini kilo ni kipimo cha serikali. Fungu ni kipimo cha mtaa. Chang'ombe inayozungumziwa hapa ni ile ya Jiji la Dodoma, si ile ya Temeke, Dar es Salaam, ambayo bila shaka imeshapokea wageni na vifurushi visivyo vyake.

Fungu la nyanya ni kazi ya ufundi. Nyanya tatu hukaa chini, moja hukaa juu. Ile ya juu ni nyekundu, ngumu, na imefutwa kwa pindo la kanga mpaka inang'aa. Kazi yake si kuliwa, ni kutazamwa. Zinazokwenda sufuriani ni zile za chini, na mnunuzi mzoefu hushughulika na hizo: huinua moja, huigeuza, huibonyeza kwa kidole gumba, hadi mwenye genge aseme, "Mama, nunua kwanza, bonyeza kwako." Kisha hufuata neno "niongezee", ambalo bila hilo biashara huhesabiwa kuwa haijakamilika. Nyongeza huwa ni nyanya iliyoanza kulegea, isiyoweza kukaa juu ya fungu lolote. Usiku huohuo inapikwa. Hivyo genge hutupa kidogo na jiko hutupa kidogo zaidi, bila semina wala bango.

Kasoro ya fungu ni moja tu: ukilipima kwa kilo, bei yake ni kubwa kuliko ya sokoni. Kila mwenye akili ya hesabu huligundua hilo mapema, na hapo ndipo hasara huanza.

Mkazi mmoja wa Chang'ombe, ambaye mwandishi ana sababu za kumfahamu kwa karibu sana, aliligundua mwishoni mwa Julai, mshahara ukiwa umeingia tu. Alikata shauri kununua chakula kitaalamu. Aliandika orodha, jambo ambalo washauri wote wa lishe hulisifu: nyanya, vitunguu, mchicha, unga, mafuta, karanga. Orodha ilikuwa na majina matupu bila idadi, kama kamati ya harusi iliyochagua wapambaji kabla ya kuhesabu michango. Tena alitoka bila kunywa chai. Mtu mwenye njaa sokoni hanunui chakula cha wiki. Hununua ile njaa aliyonayo kwa wakati ule, ambayo huwa ni kubwa kuliko sufuria zote za nyumbani kwake.

Alipofika Soko la Majengo aliitwa "bosi". Ni neno fupi, ila sokoni hakuna neno ghali kulizidi. Mtu akiitwa kaka hupunguziwa, akiitwa mjomba hutaniwa, lakini akiitwa bosi ni lazima aondoke na kitu kizima. "Bosi, fungu utanunua mpaka lini? Beba tenga, hii ni bei ya jumla." Bosi alichungulia tenga kwa juu. Nyanya zilikuwa nyekundu, ngumu, zimepangwa kama wanakwaya. Akalipa, akapakia kwenye bajaji.

Tenga la nyanya ni kilo 40 hivi. Nyumba yenye watu watano inayotumia nusu kilo kwa siku huhitaji siku 80 kulimaliza. Likiletwa Julai 25, nyanya ya mwisho italiwa Oktoba 12, siku mbili kabla ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Nyanya iliyoiva haina subira hiyo. Wiki moja kwake ni umri mkubwa. Hesabu hii ilifanyika, na ilifanyika kwa usahihi, ila aliyeifanya ni mke wa bosi, amesimama mlangoni, na aliianza kwa swali: "Baba watoto, tunafungua genge?"

Tabaka la kwanza lilikuwa kama lilivyoonekana. La pili lilikuwa laini. La tatu lilikuwa limeshaanza kupika lenyewe. Hakuna aliyetapeli: nyanya zilizosafiri kwa lori kutoka Ilula, mkoani Iringa, kupitia Mtera, huja zimekaliana, na za chini hubeba uzito wa ndugu zao njia nzima. Kosa lilikuwa la kuchungulia kwa juu. Majirani walipelekewa siku ya kwanza wakashukuru. Siku ya pili walishukuru kwa sauti ndogo. Siku ya tatu sahani zikaanza kurudi, na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu, mbili zilirudi zikiwa na nyanya.

Kuchungulia kwa juu kuna historia ndefu mkoani Dodoma, na aliyeshika rekodi si mkazi wa Chang'ombe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 iliwatuma wataalamu watatu waliozunguka kwa wiki 9, sehemu kubwa wakiitazama nchi kutoka kwenye ndege, na wakarudi na mapendekezo ya kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Kutoka angani Kongwa ilikuwa tambarare na tupu. Chini kulikuwa na mibuyu isiyong'oka, nyuki wenye hasira na udongo ambao kiangazi ulikauka ukawa sakafu. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, navyo vikachoka. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizofyekwa hazikufika 10,000. Mpango ulipofutwa Januari 1951, pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda, na karanga zilizovunwa zilikuwa pungufu ya mbegu zilizonunuliwa. Kwa kipimo hicho, bosi wa tenga moja ni mtu mwangalifu.

Ulinganisho huo ulitolewa nyumbani kama utetezi. Haukupokelewa.

Kimbilio la pili, baada ya majirani, lilikuwa friji. Watu huamini kwamba friji huzuia chakula kuoza. Kwa kweli huahirisha, na huahirisha kwa masharti ya LUKU: uniti zikiisha saa nane za usiku wakati nyumba nzima imelala, asubuhi friji ni kabati lenye harufu. Tena friji lina maumbile ya kuficha. Kilichowekwa mbele huliwa, kilichosukumwa nyuma husahauliwa, na kila kitu kipya huwekwa mbele. Wauza duka wenye busara hufanya kinyume: mali mpya nyuma, ya zamani mbele. Nyumba chache huiga. Nyingi husubiri harufu itoe taarifa.

Ndiyo maana takwimu za dunia haziwalaumu wauza genge. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa majumbani, madukani na mahotelini, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Friji linahusika hapo kwa kiasi fulani. Aibu ya kula kiporo inahusika pia, japo Chang'ombe aibu hiyo bado ni ndogo. Ugali wa jana na chai ya rangi ni kifungua kinywa halali. Kiporo kinachohitaji adabu ni wali: ukilala sufuriani jikoni hadi asubuhi huweza kuotesha vijidudu ambavyo sumu yake haiondoki kwa kuupasha moto. Wali uliobaki hupozwa upesi na kuingizwa kwenye baridi ndani ya saa mbili, na ukipashwa upashwe mara moja hadi utoe mvuke.

Kwenye unga, mkazi huyo alitaka kuirekebisha heshima yake kwa njia ya afya. Sembe ni mahindi yaliyokobolewa: ganda na kiini huondolewa, na pumba huuzwa kwa wafuga kuku na nguruwe. Kwa mpango huo kuku hupata nyuzinyuzi, vitamini na mafuta ya kiini, na mwenye kuku hupata weupe. Dona husagwa punje nzima, kwa hiyo hushibisha zaidi na huacha mwilini zaidi. Yote hayo ni kweli, na mkazi aliyarudia kwa mama wa mashine alipokuwa akisagisha mahindi ya miezi mitatu kwa siku moja. Asichojua ni kwamba kilekile kiini kinachoipa dona sifa kina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Wiki ya tano unga ulikuwa na ladha ya sabuni, na wiki ya saba ulikuwa na wakazi. Wenyeji husaga debe moja moja. Mahindi mazima hukaa. Unga wa dona haukai. Mama wa mashine alilijua hilo, lakini naye alikuwa amemwita bosi.

Mafuta ya kula yana siri yake. Alizeti ya Singida na Dodoma huuzwa kwa vidumu, kwa chupa na kwa kupimiwa, na anayepimiwa hudharauliwa kidogo dukani. Hata hivyo, anayepimiwa hupika kwa kijiko, na mwenye ndoo ya lita 20 hupika kwa kumimina. Mkono hauna macho. Huongozwa na ukubwa wa chombo. Chumvi vilevile. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha ile iliyojificha kwenye mkate na samaki mkavu. Pakiti ikiwekwa mezani, kijiko hicho huisha kwenye kachumbari.

Karanga hazina utani. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu, iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 wakafariki. Sumu hiyo haifi kwa kuchemshwa wala kukaangwa. Kwa hiyo ubahili wa kununua karanga za bei ya chini zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, kwa hoja kwamba "zitasagwa tu", si kuokoa chakula. Punje mbaya hutolewa na kutupwa, na hasara hiyo ndiyo pekee katika insha hii isiyostahili kulaumiwa. Kuku nao wasipewe.

Zikabaki nyanya, ambazo kufikia siku ya nne zilikuwa kilo 20 na ushee. Aliyezinusuru ni bibi wa nyumba ya pili, Mgogo, aliyepita akasalimia "Mbukwenyi", akaangalia tenga, akaangalia juu, akauliza, "Mjukuu wangu, jua hilo unadhani limewekwa la nini?" Dodoma hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni anga tupu na upepo mkavu. Wagogo waliufanya ukame huo kuwa ghala: mlenda na majani ya kunde huchumwa wakati wa mvua, huanikwa, hutwangwa, na hupimwa kwa kikombe mwaka mzima, huliwa na ugali wa uwele au mtama. Mboga hiyo haihitaji friji wala LUKU, na haijawahi kuozea nyuma ya kitu chochote.

Nyanya zilikatwa vipande, zikanyunyiziwa chumvi kidogo, zikatandazwa kwenye ungo na kufunikwa kwa chandarua kikuukuu. Kwa kuwa nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, kilo 20 zilijikunja zikaingia kwenye makopo mawili ya maziwa ya unga, na ziliungwa katika maharage hadi Oktoba, kama hesabu ilivyotaka. Mwezi uliofuata mkazi huyohuyo alikutana na zabibu za bei ya shambani pale Hombolo, akabeba ndoo nzima. Siku ya tano zilikuwa zikijigeuza mvinyo bila leseni. Hilo nalo bibi alilisikia. Alicheka hadi akakaa chini.

Sasa nyumba hiyo hununua nyanya kwa fungu, jioni, tatu za kupika na moja ya kachumbari, na mchicha wa siku hiyohiyo. Orodha huandikwa na mke, idadi zikitangulia majina. Majengo huendwa mara moja kwa mwezi kwa vitu vikavu tu, baada ya chai, na kwa mfuko uliotoka nyumbani, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na mfuko mbadala unaonunuliwa kila safari nao ni takataka yenye bei. Tenga halikutupwa. Liko uani, nyuma ya jiko, na kuku ametagia mayai saba humo.